Preampu ya valvu na pawa ampu ya ukumbini: besi imepotea, mvumo umejaa. Naanzia wapi?

Shangani_Stereo (Mtwara)

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaojua preampu (inayoandaa sauti) na pawa ampu (inayosukuma spika), maana hivi viwili vimekataa kuoana.

Preampu ni ya valvu, kiti (seti ya vipuri) ya kuunga mwenyewe. ECC82 moja, nusu kwa kila chaneli. Rezista ya anodi 47k, umeme wa juu 250V, kathodi ina kapasita ya 220 µF, kisha sauti inatoka kupitia kapasita ya filamu 0.22 µF 400V moja kwa moja hadi soketi ya RCA. Baada ya hapo hakuna kitu. Kitasa cha sauti ni 100k, kiko mwanzoni.

Pawa ampu ni ya ukumbini. Nyuma imeandikwa 300W kwa 8 omu, mlango ni XLR (soketi ya pini tatu) tu, 20k balansi (nyuzi mbili za sauti) na 10k isiyo balansi. Kuna swichi ya 0.775V na 1.4V, sasa iko 0.775V. Waya ni wa mita 3, RCA kwenda XLR, pini 1 na pini 3 zimefungwa pamoja.

Matatizo: besi ni nyembamba, wakati preampu hiyo hiyo kwenye pawa ya zamani ya nyumbani (47k) besi ilikuwa imejaa. Kuna "shhh" kwenye twita hata muziki ukiwa umesimama. Kitasa nikikifungua kidogo tu nyumba inatetemeka, hakivuki robo. Nikiunga kisimbuzi cha dishi kunakuwa na mvumo. Na umeme ukikatika ukarudi, spika zinapiga "duu" ya kuogopesha.

Nibadilishe preampu, au nibadilishe pawa?

---

Kijana_wa_Ligula

Mkuu hapo ni impidansi (ukinzani kwa mawimbi ya sauti) hazijalingana. Ya kutolea na ya kupokelea lazima ziwe sawa, kama 600 kwa 600. Tafuta transfoma ya 600 uweke katikati.

---

Omu_na_Volti (Lindi)

@Kijana_wa_Ligula hapana mdogo wangu. 600 kwa 600 ni utaratibu wa laini ndefu za simu na studio za zamani, ambako lengo lilikuwa kusafirisha nguvu. Zikiwa sawa unapoteza nusu ya volti, yaani desibeli 6. Kwenye stereo ya nyumbani tunasafirisha volti, kwa hiyo kuoana ni kinyume chake: preampu iwe na impidansi ndogo, pawa iwe na kubwa, angalau mara 10. Ikifika mara 20 au zaidi ndiyo raha. Na ECC82 yake ukiibebesha omu 600 itapiga magoti hapo hapo.

@Shangani_Stereo usibadilishe chochote kwanza, tupige hesabu.

ECC82 ikikaa hivyo, bila kifuasi cha kathodi (valvu ya pili inayotolea sauti kwenye kathodi ili kushusha impidansi), impidansi yake ya kutolea ni ukinzani wa ndani wa valvu (kwenye mkondo mdogo chukulia 10k) ukiwa sambamba na ile rezista ya 47k. Jibu ni kama 8.2k. Pawa yako, kwa kuwa pini 3 imefungwa kwenye pini 1, inapokea kwa 10k. Uwiano ni 1.2 tu. Volti inayofika ni 10 gawanya kwa 18.2, yaani asilimia 55. Umepoteza desibeli 5 njiani. Hizo zisikuumize kichwa, ukuzaji unao wa kumwaga. Kinachouma ni kapasita.

Kapasita ya kutokea na impidansi zinazoizunguka ni chujio linalokata besi. Njia ya mkato: chukua 159,000, gawanya kwa omu ukizidisha na mikrofaradi. Kwa pawa ya zamani: omu 8,200 + 47,000 = 55,200. Mara 0.22 ni 12,144. Jibu 13 Hz. Huko hakuna anayesikia. Kwa pawa ya sasa: 8,200 + 10,000 = 18,200, mara 0.22 ni 4,004. Jibu 40 Hz. Maana yake kwenye 40 Hz umeshapungukiwa desibeli 3, kwenye 20 Hz karibu 7, na hata 80 Hz desibeli 1 imekwenda. Hiyo ndiyo besi yako nyembamba. Hakuna kilichoharibika, vifaa vyote viwili ni vizima.

Thibitisha kabla ya kushika kolego ya kulehemu. Piga toni ya 400 Hz kutoka kwenye simu (multimita za bei nafuu zikipanda sana kimasafa zinadanganya), pima volti za AC kwenye RCA ya preampu bila mzigo, kisha funga rezista ya 10k kati ya kati na ganda la RCA, pima tena. Impidansi = 10k × (ya kwanza gawanya kwa ya pili, toa 1). Kama mita yako ngazi ya chini ya AC ni 200V, ongeza sauti hadi upate kama 5V ndipo desimali isomeke. Pawa iwe imechomolewa wakati huo, usije ukaipelekea 5V ikiwa inahitaji 0.775V.

---

Shangani_Stereo

Shukrani mkuu. Nimepima: bila mzigo 5.0V, na rezista ya 10k 2.8V. Chaneli zote mbili karibu sawa.

---

Omu_na_Volti

5.0 gawanya kwa 2.8 ni 1.786, toa 1, mara 10k: kama 7.9k. Basi hesabu imesimama.

Dawa rahisi ni kapasita kubwa zaidi. Weka 1 µF, chujio linashuka hadi 9 Hz hivi. Weka 2.2 µF, 4 Hz. Iwe ya filamu ya polipropilini, 400V au 630V, maana preampu ikiwashwa valvu ikiwa bado baridi, kapasita inabeba 250V yote. Ukikosa madukani Mtwara, zipo Kariakoo, kifurushi kinakuja na basi. Au fungua TV ya chogo iliyokufa: kwenye sehemu ya kusukuma mlalo kuna kapasita ya polipropilini ya kama 0.33 hadi 0.47 µF, 250V au 400V. Chukua zenye 400V tu, funga mbili au tatu sambamba, thamani zinajumlishwa.

Hakikisha pia kuna rezista ya 470k au 1M kutoka RCA kwenda ganda. Isipokuwepo, kapasita inabaki na chaji, na siku ukichomeka waya pawa ikiwa inawaka utasikia mlio ambao twita haitausahau.

---

Bi_Lehemu (Mikindani)

Hesabu za kaka Omu ni sahihi, ila kwa kapasita tu siishii hapo.

Kwanza, 2.2 µF itarudisha besi lakini valvu bado inavuta mzigo wa 10k. Kwa mawimbi ya muziki, mzigo wa anodi si 47k tena, ni 47k sambamba na 10k, yaani 8.2k. Valvu ya aina hii inataka mzigo uwe angalau mara mbili au tatu ya ukinzani wake wa ndani. Hapa uko chini ya mara moja. Upotoshaji unapanda na mawimbi makubwa yanakatwa mapema. Kwa volti moja unaweza usisikie, nakubali. Lakini ukishalazimika kufungua kasha, fanya kazi mara moja.

Pili, na hili ndilo naona limeachwa: ukuzaji. Pawa ya 300W kwa 8 omu inatoa kama 49V ikifika nguvu yake yote. Ikifika hapo kwa 0.775V, inakuza mara 63, desibeli 36. Preampu nayo, hata ikiwa imelemewa hivyo, inakuza karibu mara 7.7. CD pleya inatoa 2V. Zidisha: 2 × 7.7 ni 15V, wakati pawa inataka 0.775V. Una ziada ya desibeli 26! Ndiyo maana kitasa hakivuki robo, na chaneli mbili za kitasa cha kaboni huko chini hazilingani, upande mmoja utasikika zaidi.

Watu husoma wati tu wanapooanisha. Soma volti. Quad (kampuni ya stereo ya Uingereza) walipotoa preampu yao 33 na pawa 303 mwaka 1967, ya kwanza ilitoa 0.5V na ya pili ikafika kilele kwa 0.5V hiyo hiyo. Walikaa meza moja wakakubaliana. Vyako havijawahi kuonana.

Kwa hiyo anza na yasiyohitaji kolego. Sogeza swichi iende 1.4V, ukuzaji unashuka hadi mara 35, umepunguza "shhh" inayotoka kwenye preampu kwa desibeli 5 bure. Kisha vitasa vya mbele vya pawa vishushe hadi kitasa cha preampu kikae katikati kwa sauti unayosikilizia kila siku. Kuna imani kwamba kushusha vile vitasa kunapunguza wati. Hakupunguzi, kunaongeza tu volti unayotakiwa kuileta.

Halafu jua "shhh" ni ya nani. Zima pawa, chomoa waya, chomeka XLR tupu uliyofunga pini 1, 2 na 3 pamoja, washa. Ikibaki ile ile, ni ya pawa yenyewe, na preampu yoyote utakayonunua haitaiondoa. Ikitoweka, ilikuwa inatoka kwenye preampu, na kipunguzi (rezista mbili za kushusha sauti) kitaisaidia.

Dawa ninayoipendelea ni bafa ndogo (hatua inayopokea kwa impidansi kubwa na kutoa kwa ndogo) ya opampu, yaani chipu ya kukuza, ndani ya kasha la preampu, kati ya kapasita na RCA. OPA2134 moja inatosha chaneli mbili, ukuzaji wa mara 1. Rezista ya 470k kutoka mlango wa opampu kwenda sifuri, hapo kapasita yako ya 0.22 µF ibaki kama ilivyo: 470k × 0.22 inakupa 1.5 Hz. Besi imerudi bila kununua kapasita ya 2.2 µF. Tena valvu sasa inaona 470k, inapumua.

Usiweke NE5532 hapo ukaacha 470k. Mkondo wake wa mlangoni ni kama 200 nA kwa kawaida, ukipita kwenye 470k unakupa karibu 94 mV za DC. OPA2134 mlango wake ni wa FET, hilo halipo.

Kabla ya mlango wa opampu weka rezista ya 10k mfululizo, na diodi mbili za 1N4148, moja kwenda +15V na nyingine kwenda −15V, zikiwa zimegeuzwa zisipitishe kwa hali ya kawaida. Valvu inapoamka anodi inaruka volti nyingi na kapasita inazipitisha. Bila diodi, opampu inakufa siku ya kwanza na wewe utalaumu muuzaji. Kutokea, 100 omu mfululizo kabla ya RCA ili waya mrefu usiifanye opampu iyumbe.

Umeme: transfoma ya 15-0-15 ya AC, daraja la diodi, kapasita 1000 µF 35V kila upande (usiweke 25V, bila mzigo unakaribia ukingoni), 7815 na 7915 (vidhibiti volti), na 100 nF karibu kabisa na miguu ya opampu. Hapa mafundi wengi huungua vidole: miguu ya 7915 haifanani na ya 7815. 7815 ni kuingia, sifuri, kutoka. 7915 ni sifuri, kuingia, kutoka, na bati lake la mgongoni limeunganika na kuingia. Ukizifunga zote mbili kwenye kasha bila mika (kipande cha kuzuia umeme), umepiga shoti upande hasi.

Kitasa kikiwa bado kinakimbia baada ya hapo, weka kipunguzi baada ya bafa: 3.3k mfululizo na 1k kwenda sifuri. Kwa pawa ya 10k kinashusha desibeli 13, na pawa inaona chanzo cha omu 770 hivi. Kilehemu ndani ya plagi ya XLR, nafasi inatosha kwa rezista za robo wati. Ila kisije kabla ya bafa. Valvu ikiona 4k ni afadhali ulipoanzia.

Onyo: pale kuna 250V za DC. Zima, chomoa plagi ukutani, toa chaji ya kapasita kuu kwa rezista ya 10k 5W iliyolehemewa nyaya zenye plastiki, pima hadi isome chini ya 10V. Usitumie bisibisi kupiga shoti, inachimba njia za bodi na inaweza kuua kapasita.

---

Omu_na_Volti

Nakubali dada, ila wapo watakaosema opampu nyuma ya valvu ni maji kwenye tui. Anayetaka valvu tupu atumie nusu za ECC82 ya pili kama kifuasi cha kathodi: impidansi inashuka hadi omu 600 au 700, kisha kapasita ya 2.2 µF. Aangalie tu kathodi itakaa juu, 120 hadi 150V, na kati ya kathodi na filamenti (waya wa kupasha valvu) ECC82 inavumilia 180V. Pandisha filamenti kwa kigawanyi kutoka umeme wa juu iwe kama 50V na utakuwa salama. Kama transfoma haina mkondo wa ziada wa filamenti (0.3A kwa 6.3V kila valvu), achana nalo, weka bafa ya dada.

Na yule atakayekuja kupendekeza kitasa kitupu bila preampu: kitasa cha 50k katikati yake kinafika 12.5k ya kutolea. Kwa pawa ya 10k ni ugonjwa ule ule. Cha 10k kinafika 2.5k, hapo angalau tunazungumza.

---

Msasi_wa_Mvumo (Mtwara)

Nichukue mvumo, maana haujaguswa.

Kebo ya dishi inaleta njia ya pili ya ardhi. Jaribu: kila kitu kikiwa kinawaka na kuvuma, fungua F (plagi ya kuzungusha ya kebo) ya dishi nyuma ya kisimbuzi. Mvumo ukikoma, ni duara la ardhi, siyo valvu wala transfoma. Ukibaki, chomoa RCA za kisimbuzi, kisha kifaa kimoja kimoja hadi ukipate kinachovuma.

Weka kisimbuzi, TV, preampu na pawa kwenye ekstensheni moja yenye ardhi. Usikate pini ya ardhi ya pawa. Najua wanaofanya hivyo na mvumo unakoma kweli, lakini siku transfoma ikivuja kwenda kwenye kasha, ardhi itakuwa ni wewe.

Mvumo ukibaki, weka transfoma ya sauti ya 1:1 kati ya kisimbuzi na preampu, 10k kwa 10k. Zile ndogo za 600 kwa 600 za bei ya chini zinakata besi, utarudi kuuliza swali lile lile ulilolianza.

Waya wako nao ubadilishe. Tumia waya wa nyuzi mbili na wavu. Uzi mmoja kutoka kati ya RCA kwenda pini 2. Uzi wa pili kutoka ganda la RCA kwenda pini 3. Wavu uungwe pini 1, na upande wa RCA uachwe wazi. Pini 1 na 3 zisigusane ndani ya XLR. Hapo mlango wa balansi wa pawa unafanya kazi yake ya kutoa mvumo unaofanana kwenye nyuzi zote mbili, kitu ambacho sasa umekizima. Preampu ikiwa na plagi ya pini mbili isiyo na ardhi, unga wavu na ganda la RCA pia, vinginevyo inabaki inaelea na inaweza kuvuma zaidi.

Urefu wa mita 3 hauna neno. Waya mwingi una kama pF 100 kwa mita, hizo ni 300. Kwa 8k yako chujio la juu liko kama 66 kHz, na ukishaweka bafa litakwenda mbali kabisa. Usinunue waya wa bei ya korosho za msimu mzima.

---

Shangani_Stereo

Nimesogeza swichi na kushusha vitasa, "shhh" imepungua sana na kitasa sasa kinafika katikati. Kufungua F ya dishi kumekata mvumo. Nitaagiza OPA2134. Vipi ile "duu" umeme ukirudi?

---

Bi_Lehemu

Utaratibu ni mmoja: preampu iwake kwanza, isubiri dakika moja, kisha pawa. Kuzima, pawa kwanza. Shida ni kwamba umeme ukirudi wenyewe hauulizi utaratibu, vyote vinaamka pamoja na valvu inamwaga mtikisiko wake kwenye pawa iliyo macho.

Weka pawa kwenye friji gadi. Ndiyo, ile ile ya friji. Umeme ukirudi inasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu, na wakati huo valvu imeshatulia. Inakata pia umeme ukishuka au kupanda kupita kiasi. Angalia ampea zilizoandikwa: ya 5A kwa 230V ni 1150W, inatosha kwa kusikiliza nyumbani, lakini kama transfoma ya pawa ni ya duara na kubwa, mkupuo wa kuwasha unaweza kuunguza mguso wa rilei. Chukua ya ampea kubwa zaidi. Preampu usiiweke huko, iache kwenye soketi ya kawaida.

Ukimaliza bafa, pima DC kwenye RCA kabla ya kuchomeka pawa. Chini ya 5 mV ni nzuri. Pawa yako inakuza mara 35. Kama mlango wake hauna kapasita, 20 mV zitakuwa 0.7V kwenye spika, na koni itakaa imesogea. Kwenye spika zenyewe isizidi 50 mV.

---

Omu_na_Volti

Nyongeza kwa sisi wa pwani. Kuanzia Novemba hadi Aprili unyevu na chumvi vinakula RCA za nikeli, zinaota kijani na sauti inakwaruza au chaneli inapotea. Futa kwa spiriti ya aisopropili na mswaki, kila baada ya miezi michache. Kabla ya kufunga kasha safisha pia bodi ya valvu upande wa chini: ute wa risasi (mabaki ya dawa ya kulehemu) ukichanganyika na chumvi unapitisha umeme kidogo kati ya njia ya 250V na gridi, na hapo utasikia mipasuko midogo kama mafuta ya moto, ukaanza kubadilisha valvu ambazo hazina kosa.

---

Shangani_Stereo

Nimeelewa. Swali la mwisho: bafa ikiwekwa, swichi ibaki 1.4V?

---

Bi_Lehemu

Ibaki. Bafa haitaongeza ukuzaji lakini itakurudishia zile desibeli 5 zilizokuwa zinapotea kwenye 10k, kwa hiyo kitasa kitashuka tena kidogo. Hapo ndipo utie 3.3k na 1k.